Nilimzushia Hawara Mwanamke Aliyeondoka Peke Yake

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza na maelezo nitaishia kujitetea. Nilimzushia hawara mwanamke asiye na hatia, na Bongo nzima ikatazama. Jina langu niacheni nalo.

Mimi ni mtu wa filamu, naandika na kuongoza. Miaka michache nyuma nilisoma riwaya iliyozua kelele nyingi mjini. Ilimhusu mke anayepigwa na mumewe, mfanyabiashara wa Kariakoo, mpaka siku moja akabeba watoto wake mchana kweupe akaondoka. Wengine walisema kitabu kinawafundisha wanawake kuvunja ndoa. Kuna maduka yalikataa kukiuza. Mimi nikasema hii ndiyo filamu yangu.

Mwandishi, nimwite Bi Saida, anaishi Magomeni. Nilimfuata kwake, nikampa shikamoo, akanikaribisha chai. Hapo ndipo aliponieleza kwamba yule mke ni mdogo wake wa damu, Bi Latifa, anauza vitambaa Mtaa wa Msimbazi. Familia yao ya Kiarabu inajulikana, na kila mtu pale anajua kitabu kinamsema nani. Bi Latifa mwenyewe alikubali kiandikwe kwa sababu kilisema kweli.

"Badilisha utakacho, mwanangu," Bi Saida akaniambia. "Majina, nyumba, hata mwisho. Ila usimwekee mwanaume mwingine. Ndilo neno walilomsingizia miaka yote."

Nikaapa. Wallahi niliapa!

Tukiwa katikati ya kazi, prodyuza akaona picha haina moto. Akasema watazamaji hawataelewa mwanamke anaondokaje hivi hivi, bila mtu wa kumpokea. Ningeweza kubisha. Sikubisha, na nisimsingizie yeye: hata mimi niliiona tamu. Nikamwandika kijana wa jirani, nikaandika chumba cha gesti, tukapiga picha. Moyoni nikajiambia ni hadithi tu.

Hadithi tu! Filamu ilipotoka, watu walikata kile kipande cha gesti kikazunguka kwenye simu. Haukupita muda, vijana wakawa wanasimama mbele ya duka la Bi Latifa, wanamwita kwa jina la yule mhusika, wanamuuliza ilikuwa gesti gani. Binti yake alikuwa ameshachumbiwa. Wakwe wakatuma mtu kusema wasubiri kwanza, na wako kimya mpaka leo. Na yule mume wa zamani, ambaye kabla ya hapo aibu ilikuwa yake, sasa akawa anakaa barazani akiwaambia watu kwamba yeye alishasema tangu zamani.

Nikaenda Msimbazi kuomba radhi. Nilimkuta Bi Latifa anakunja vitenge. Nilijiandaa kutukanwa, hakunitukana. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Nilipigwa nikanyamaza," akasema, sauti ya chini. "Nikasingiziwa nikanyamaza. Nilikuwa na kitu kimoja tu, kwamba niliondoka mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Na hicho umekichukua."

Halafu akamgeukia mteja aliyekuwa anasubiri, akamuuliza anataka rangi gani.

Nilitoka pale nikatembea mpaka Mnazi Mmoja sijui naenda wapi.

Nilikiondoa kile kipande, tukaitoa filamu upya. Nani aitazame? Nikaandika mtandaoni kwamba tukio lile nililibuni mimi. Watu wakacheka, wakadhani natafuta kiki, nizungumzwe tu. Bi Saida hakunifungulia mlango tena. Bi Latifa alifunga duka, akahama mtaa aliokulia. Mimi ndio kwanza simu zinaongezeka, maprodyuza wananitaka niwaandikie kitu chenye moto kama ile ya gesti. Kila nikipigiwa natamani ardhi ipasuke.

Sisemi vitabu vyenye utata visifanyiwe filamu. Kile kilistahili. Nawaambia nyie mnaoandika: kuna mtu nyuma ya hadithi, anafungua duka kesho asubuhi. Kabla hujaongeza tukio lako tamu, mfuate, kaa naye, msomee uso kwa uso. Ukiona haya kumsomea, basi usilipige picha. Mimi sikuwahi kumsomea, na nilijua kwa nini.