Mti wa Njia Panda

Bibi Gobnait, dada yake babu yangu, amekamua ng'ombe tangu hajajua kusoma. Alipovunjika kifundo cha mguu alikifunga kwa soksi akaenda zake misa. Kitu kimoja tu humnyamazisha: mti wa miiba uliosimama peke yake njia panda, karibu na lango letu. Chini yake yupo mdogo wake, aliyezaliwa bila pumzi. Padri wa enzi hizo alikataa kumzika makaburini kwa kuwa hakubatizwa, basi baba yao akambeba katika kisanduku cha siagi, na Gobnait, mtoto mdogo, akabeba koleo. Aliniambia mimi tu, huku akimenya viazi, wala hakuinua macho.

Jumapili kijiji kizima tulijaa ukumbini kutazama filamu ya katuni iliyotengenezwa kutokana na hadithi zetu za kale. Humo, watoto wanaoishi chini ya mti kama ule wetu wanapiga filimbi na kucheza, wana mabawa yanayong'aa. Likatokea jitu na shoka, linataka kuukata. Ukumbi mzima ulilia! Diwani Finbarr, jibaba lile, alipenga kamasi kama anapuliza tarumbeta.

"Mabawa," Bibi akaninong'oneza. "Eti mabawa! Hata shuka hakuwa nalo."

Taa zikawashwa. Diwani akasimama, macho bado mekundu, akatangaza kwamba watalii wa filamu watamiminika kwetu, kwa hiyo kesho tingatinga litaung'oa mti wa njia panda, mabasi yapate pa kuegesha.

Watu wakapiga makofi. Wale wale! Machozi hayajawakauka mashavuni! Nilitamani kuwamwagia bisi zangu.

Bibi akainuka. "Wee Finbarr, umeulilia mti wa kuchorwa. Huu wa kweli umekukosea nini?"

"Aa, Bibi Gobnait, usituletee mambo ya majini wanaokaa chini ya miti hapa. Au unaogopa watawakausha maziwa ng'ombe wako?"

Watu wakaangua kicheko.

"Sina habari na majini. Mdogo wangu yupo pale. Padri alimfukuza makaburini. Leo na wewe unamfukuza pale?"

Kicheko kikakatika. Kutoka nyuma, mzee Cormac muuza nyama akasema taratibu, "Na pacha wangu."

Kisha mama yake Diwani, aliyeketi kiti cha mbele, akasema, "Kaa chini, Finbarr. Kaka yako naye yupo pale."

"Mama! Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Nani aliniruhusu kusema?"

Diwani akakaa.

Tingatinga halikuja. Aliyekuja ni padri wetu wa sasa, kijana mpole, na kichupa cha maji ya baraka, akaomba aubariki mti. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, akamwacha asimame vile vile mvuani.

"Mti hauna dhambi, Padri," akasema. "Nenda kayabariki makaburi yenu, ndiyo yaliyokataa watoto."

Akaenda kukamua.