Bi Sharubu, Friji na Cheti cha Sheria

Kabla hamjauliza: hapana, Chausiku hakuwa na sharubu. Alikuwa na kaboni.

Mwaka 1989 alikuwa mpiga chapa, na taipureta yake ilikaa kwenye baraza linalotazamana na mahakama ya mwanzo, kule Temeke. Mtu mwenye malalamiko anakaa kwenye benchi, anasimulia, Chausiku anachapa. Nakala tatu. Ili zitoke tatu unabana kaboni katikati ya karatasi, na kaboni ya enzi zile ilikuwa haina adabu, ikikushika vidole unaoga nayo wiki nzima. Siku hiyo jua kali, jasho limemkaa juu ya mdomo, kajifuta kwa kidole. Kulia kajifuta, kushoto kajifuta. Hata dakika tano hazijaisha, wakatokea kina mama watatu na mabuibui ya kutokea: mama yake Twalib na mashangazi wawili, wamekuja bila taarifa kumtazama mchumba wa kijana wao kabla hawajapeleka posa.

"Shikamooni," Chausiku akasema, kichwa chini, heshima zote.

"Marahaba." Mama mkwe akamtazama weee. "Haya. Mwanangu mwaka wa tatu huu anahangaika kuotesha sharubu, kumbe mwenzie ziko tayari."

Posa ikaja, ndoa ikafungwa, jina nalo likahamia kwa mumewe Tandika kama sehemu ya vyombo. Bi Sharubu. Hata mwalimu wa Nusaiba, binti yao, aliwahi kuandika barua: "Kwa Bi Sharubu, mtoto aje na soksi nyeupe." Kwa maandishi, jamani.

Sasa njooni mwaka 1996. Twalib kapunguzwa kazi bandarini, yeye na wenzie kibao, kakaa nyumbani anarekebisha viti ambavyo havijavunjika. Na Chausiku zamu yake ya upatu imefika. Kijumbe kamletea laki na ishirini, mkononi, imefungwa kwenye leso. Na hapo ndo ishu ilipoanza.

"Friji la mtumba, Mama Nusaiba," Twalib akasema. "Tunauza barafu na maji baridi. Jumatatu tunanunua, Jumanne tunakula."

"Na mgawo wa umeme?"

"Utaisha."

"Ulisemaga hivyo hivyo mwaka juzi, Baba Nusaiba, tuko gizani tunatafuta kiberiti."

Kumbe mwenzie ana lake. Kwenye ubao wa matangazo pale mahakamani kulibandikwa karatasi: mafunzo ya wasaidizi wa sheria, miezi sita, jioni, Kinondoni. Ada elfu tisini. Mwisho unapewa cheti chenye picha yako. Chausiku kaisoma mpaka kaihifadhi.

Lakini msimwone mjinga. Kabla hajatoa hata shilingi alimfuata Adelard, Mhaya mmoja mwenye meza baraza la tatu kutoka kwake, ambaye kozi hiyo kaimaliza mwaka uliopita.

"Kaka Adelard, nambie ukweli. Kimekulipa?"

Adelard akavua miwani, akaipangusa kwa tai. "Dada yangu, nikudanganye ili iweje? Mimi nilijiona tayari niko ofisini chini ya feni. Nimepeleka barua za kazi kumi na nne. Wananiambia wewe si wakili, mahakamani husimami. Karani wa serikali si wewe. Sasa wewe ni nani?"

"Kwa hiyo hela imekwenda na maji."

"Na nauli ya Kinondoni, usiisahau. Ila kuna kitu kimoja. Zamani mtu akija analia, nilikuwa nachapa kilio chake. Sasa hivi namwuliza kwanza: hukumu imetoka lini?"

Chausiku akarudi mezani kwake, moyoni kashanunua friji. Kwenye benchi akamkuta Bi Mwanaasha wa Mtoni. Huyu bibi kafiwa na mumewe, shemeji yake kafungua kesi, na mahakama ikampa shemeji nyumba. Leo kaja kuandikiwa barua ya nane. Zile saba zilishakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, katibu tarafa, mkuu wa wilaya, mpaka kwa waziri. Kila ofisi ilimgongea nakala yake muhuri wa IMEPOKELEWA, naye kazitunza zote kwenye mfuko wa rambo, anazipapasa kama mtoto.

"Mihuri saba, mwanangu," akasema. "Kesi inakwenda vizuri."

"Bibi," Chausiku akauliza, hata hajui kwa nini anauliza, "hukumu ilitoka lini?"

"Siku ya nne baada ya Idi ndogo."

Idi ilikuwa Februari. Hii ilikuwa Mei. Chausiku akaondoka na karatasi mkononi mpaka kwa Adelard. "Kukata rufaa ni siku ngapi?"

"Thelathini."

Siku zote thelathini yule bibi alikuwa amekaa kwenye benchi lake. Barua saba kamchapia Chausiku mwenyewe, pambizo zimenyooka, herufi hata moja haijakosewa, kalipwa kwa kila ukurasa, na zote kazipeleka kwa watu wasio na uwezo wa kugusa hukumu ya mahakama.

Jioni alimsimulia Twalib. Twalib akajipapasa pale ambapo sharubu zilikataaga kuota.

"Hilo friji," akasema baadaye, "kwa mgawo huu lingekuwa kabati tu. Kalipe ada."

Miezi sita ndo akawa anapika yeye. Ugali wake wa wiki ya kwanza tuuache, wahusika bado wapo hai.

Wiki ya tatu darasani, Chausiku akanyoosha mkono. "Mwalimu, mtu akichelewa rufaa kwa kupotezwa na mpiga chapa wake, anaweza kuomba aongezewe muda?"

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. "Anaweza kuomba. Lakini mpiga chapa mwenyewe itabidi aape kwa maandishi kwamba alimpoteza."

Kesho yake asubuhi, kwenye baraza lile lile, mbele ya wateja, Chausiku akachapa hati yake ya kiapo: mimi ndiye niliyemwandikia, mimi ndiye niliyempeleka kusiko. Nakala tatu. Wateja wawili wakahamia kwa Adelard siku hiyo hiyo. Muda ukaongezwa. Rufaa ilichukua karibu miaka miwili, na Bi Mwanaasha akarudi kwenye nyumba yake na mfuko wake wa rambo.

Ofisi yenye feni? Haikuja. Ada yenyewe ilirudi 1999, na Twalib hakuacha kukumbusha kwamba friji lingeirudisha mapema, ukitoa siku za giza. Lakini benchi la Chausiku lilijaa kuliko mabaraza yote, na kila anayekaa anaulizwa kwanza tarehe.

Cheti kipo ukutani Tandika mpaka leo. Itazameni ile picha kwa karibu: alikwenda kupiga akitokea kazini, mpiga picha akanyamaza tu. Juu ya mdomo, kulia na kushoto, mstari mweusi safi kabisa.

Haya, zamu yenu. Nani kwenu alilipia kozi ambayo ukoo mzima ulisema ni hasara, na jina gani la aibu halijamtoka mpaka leo? Shusheni hapo chini, na msitufiche majina.