Aspirini Zilizonuka Siki

Mwaka ule askari walipopora shule yetu mjini Lubumbashi, mimi nilikuwa mwalimu wa kemia wa darasa la mwisho. Walichukua madawati, mabomba, hata nyaya za taa. Maabara ilibaki na chupa moja nzito ya asidi ya salfa. Methanoli nilikuwa nimeihamishia nyumbani mapema, nikiogopa mtu asije akaidhania pombe akafa.

Wiki chache baadaye jirani yangu wa mtaa wa Kampemba, muuguzi mjane, alinijia na kopo la aspirini. Zahanati yake nayo ilikuwa imeporwa. Vidonge hivyo ndivyo vilivyosalia.

"Mwalimu, nusa. Naweza kupatia bantu?"

Vilinuka siki. Nikamweleza kwamba aspirini ni esta: asidi ya salisili, yenye pete ya benzini, imeunganishwa na asidi ya siki. Unyevu ukiingia koponi, kiungo kile hukatika. Siki hujitenga, na asidi inayobaki huunguza tumbo.

"Usimpe mtu, mama."

"Lakini sina ingine. Bagonjwa beko na homa!"

Alikaa kwenye ngazi yangu akalia. Sikuwa na dawa ya kumpa. Mwishowe niliona haya, lakini nilimwomba lile kopo kwa ajili ya wanafunzi. Akakubali, ila alitaka aje aone mwenyewe.

Wanafunzi waliketi maabara juu ya matofali, madirisha wazi. Tulisaga vidonge, tukavitia kwenye chupa ndogo pamoja na methanoli na matone ya asidi ya salfa, tukaiweka ndani ya sufuria ya maji ya moto, mbali na jiko kwa kuwa methanoli huwaka upesi.

"Asidi ya salisili inashikana na methanoli, ambayo ni aina ya pombe, maji yanatoka kati yake," nikasema. "Mtapata esta nyingine."

Tulingoja sana. Kisha harufu kali, tamu, ikajaa chumba.

Muuguzi akasimama. "Njo ile mafuta bwana yangu alikuwa anapakala ku mabega!" Marehemu mumewe alikuwa mpakiaji wa mabehewa ya reli, na jioni alijichua mabega kwa mafuta yenye harufu hiyo. Alitaka kuichukua ile chupa. Ilibidi nimkatalie, maana bado ilikuwa na methanoli na asidi. Aliinusa tu, macho ameyafumba, na hakuna mwanafunzi aliyecheka.

Baada ya somo wasichana wawili walimwomba muuguzi wamsindikize. Walizunguka mtaani siku tatu, nyumba kwa nyumba, wakiomba vidonge vya aspirini vilivyowekwa akiba makabatini. Tulivikagua kwa kuvinusa kimoja kimoja mezani kwangu. Vilivyokuwa vizima vilitosha kufungua tena zahanati, kwenye sebule ya muuguzi.