Mbuzi Asiyemeza

Juzi mwenye duka la vitu vya kale Mkunazini alitaka kuniuzia mbuzi ya kukunia nazi, eti ni kiti. Pua yangu ikajaa harufu ya tui la mama.

Nilikuwa mtoto siku alipokuja barazani kwetu mzungu na kopo la biskuti. Ukijibu sawa, unapewa. Alikuwa akipima akili zetu watoto; mimi nilidhani maskini hajui mambo, amekuja kuuliza.

"Mbuzi, ng'ombe, nazi," alisema. "Viwili vipi vinakwenda pamoja?"

"Mbuzi na nazi."

Akafunika kopo. "Mbuzi na ng'ombe. Wote wanakula majani."

"Mbuzi wetu anakula nazi," nikamwambia, "ila hamezi."

Akanitazama kwa huruma. Nikakimbilia jikoni, nikamwinua mama alipokaa akikuna, nikaiburura ile mbuzi.

"We mtoto! Mbuzi yangu unaipeleka wapi, nazi sijamaliza?"

"Anatakiwa barazani, mama."

Mzungu aligusa meno ya chuma yenye chicha ya nazi, akautazama ubao wa kukalia, akacheka mpaka machozi. Akafunua kopo, akanipa biskuti moja.

Sikuipokea. "Si umesema viwili vinakwenda pamoja, bwana?"