Kaburi Nyuma ya Nyumba

Honorine alikuwa amepanga vyumba tisa mjini Uvira, na katika vyote hivyo hakuwahi kupigilia msumari ukutani bila kuomba ruhusa. Alishona sare za shule. Alikuwa na miaka arobaini na sita, hana mume wala mtoto. Chumba kimoja alikiacha kwa sababu kijana wa mwenye nyumba alikuwa anaoa. Kingine ziwa lilipanda likaingia mpaka chini ya kitanda. Mara mbili alipanda mpapai uani, na mara mbili waliokula ni wapangaji waliomfuata.

Alitamani mahali pa kukaa mpaka alichopanda kizae. Viwanja vya Uvira vilimshinda. Ndipo mteja wake mmoja, Mama Olive, alipomwambia kuna nyumba Luvungi, mbali na ziwa, vyumba viwili vya matofali, imekaa mwaka mzima bila mnunuzi.

Alikwenda. Mwenye nyumba, mzee Félicien, alimwonyesha vyumba polepole huku akipitisha kiganja kwenye kuta alizozijenga mwenyewe. Kisha akamzungusha nyuma, penye kaburi la saruji kando ya mihogo.

“Mama, minye sitakuficha,” alisema. “Huyu ni Domitille, bibi yangu wa ndoa. Wote wenye kufika hapa wanarudi na njia yao.”

Miguu yake ilikuwa imechoka, akaeleza, na binti yake wa Bukavu alikuwa anamwita akaishi kwake. Wanunuzi wengine walimtaka ahamishe kaburi kwanza. Alikataa.

Honorine akauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Hilo hakuna aliyewahi kumuuliza. Mzee akakaa kwenye kizingiti, akasimulia mpaka kivuli cha nyumba kikahama: jinsi Domitille alivyouza karanga, alivyoimba vibaya kanisani kwa sauti kubwa kuliko wote, alivyogombana na mbuzi wa jirani kama watu wazima. Honorine alisikiliza, na wivu ukamshika, wivu wa kumwonea maiti. Mwanamke huyu aliwekwa mahali, na hakuna atakayemwambia ahame.

Wiki iliyofuata walikwenda kwa chefu wa kijiji kuandika karatasi ya mauzo. Honorine alikuja na mdogo wake, Thaddée. Chefu aliuliza jina la mume. Akaambiwa hakuna. Basi, akasema, liandikwe la mwanaume mwingine wa jamaa, ndiyo desturi.

“Yaya, niandikwe minye,” Thaddée alimwambia dada yake kwa upole. “Ni kwa kukulinda tu.”

Honorine alimpenda mdogo wake. Alimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea. Lakini nyumba ya baba yao, pale Kalundu ufukweni, iliandikwa kwa wavulana kwa upole huohuo, ikauzwa siku moja yeye akiwa sokoni. Miaka ishirini hakuwahi kulisema.

“Weye ulipouzisha nyumba ya baba,” aliuliza, “jina yangu ilikuwa wapi?”

Thaddée aliinamisha kichwa. Chefu akasema warudi siku nyingine, atashauriana. Honorine akajibu kwamba atangoja, akakaa kwenye benchi. Félicien akaja kukaa kando yake, akamwambia chefu kwamba nyumba ni yake na hataiuza kwa jina lingine. Wakakaa hivyo mpaka alasiri. Mwishowe chefu akavuta karatasi akaandika: Honorine, peke yake.

Mzee aliomba jambo moja tu, aruhusiwe kuja kiangazi kumwona mkewe. Honorine alikubali.

Alihamia na mashini yake. Usiku wa kwanza hakulala. Katika vyumba vyote tisa, mlio wa mawimbi ya ziwa ulikuwa haumwachi; huku palikuwa na upepo wa mashamba tu. Hata mchana aliacha kukanyaga pedali ghafla, akitega sikio kusikiliza kisichokuwapo. Alizikumbuka nyua zenye makelele alizozichukia, akashangaa moyo wake. Asubuhi alifagia kaburi, akamwamkia Domitille, maana hakuwa na mwingine wa kumwamkia.

Félicien alikuja mwezi wa saba. Alikaa kando ya kaburi kitambo, kisha akala bugali na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kidogo tu, akaomba kuingia chumba cha nyuma. Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu.

“Nilifikiri nitakuta kwangu,” alisema. “Nimekuta ni kwako.”

Honorine alimsindikiza barabarani, akamshikia fimbo mpaka alipokaa sawa juu ya pikipiki, akaitazama ikielekea Kamanyola, njia ya Bukavu, mpaka vumbi likatua.

Akiwa bado amesimama pale, taksi ya Uvira ikasimama mbele yake. Dereva alimwambia imebaki nafasi moja, ya dirishani. Honorine aliitazama nafasi ile kwa muda mrefu, hata abiria wakaanza kunung’unika. Akatikisa kichwa. Gari likaondoka kuelekea ziwani, naye akabaki akilisikiliza mpaka mlio wake ukaisha.