Pangaboi Lisilopuliza

Mnicheke tu, maana nami nimeshajicheka. Kazi yangu ni kuvuta pangaboi kwa Bi Zuwena wa Tibirinzi. Yeye hulala chumbani, mimi barazani navuta kamba iliyopita tundu la ukuta, na lile guo pana la darini linampepea. Bibi akiwamo ndani, sithubutu kuchungulia.

Juzi asubuhi, bibi kaenda matangani, nikalivua guo kwenye ubao wake wenye kamba, nilikung'ute vumbi. Mara mvua! Na karafuu zimeanikwa! Nani angekumbuka vumbi? Nikatimka uani, nikazifunika upesi.

Adhuhuri bibi akarudi kichwa kinamuuma, akajilaza na kitambaa cha maji machoni.

"Wee Kombo, mbona sipati upepo?"

Nikaipaka mafuta ya nazi roda, kile kigurudumu cha kupitishia kamba pale tunduni, nikavuta.

"Kombo, nafa kwa joto!"

Nikaikaza kamba, nikavuta kwa mikono miwili hadi shati likaloa. Mwisho nikapandwa na hasira. "Joto hilo ni homa, Bi. Upepo upo tele!"

Hapo mwanawe akatokea uani, kabeba guo linalonukia karafuu.

"Nani kafunikia karafuu pangaboi la mama?"

Mikono yangu ilikuwa ingali inavuta.