Fomu yangu ya "Ongeza mtoto" ilivyomkataa Doto, Mwanza

Ting. Ule mlio mfupi wa kompyuta ikikataa jambo, mpaka leo naukumbuka vizuri.

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hiki kilinikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Ni mwishoni mwa miaka ya tisini, biashara binafsi zinafunguliwa kila kona. Mimi binti wa form four, JavaScript nimejifunzia kwenye kitabu cha bosi. Ofisi ni chumba kimoja Kirumba, ila kichwani nilishajenga website za dunia nzima. Kucheka ruksa.

Bosi akapata kazi. Wafadhili wa nje wanalipia watoto ada, mzazi anakuja kwetu tunamwandikisha kwenye website.

Familia za huku mnazijua, watoto ni wengi. Nikaweka kitufe cha "Ongeza mtoto", ukibonyeza vinatokea visanduku vipya: jina, tarehe ya kuzaliwa, darasa. Niliringa nacho sana.

Bosi, mtu wa Bukoba, akahofia watu kuandikisha mtoto mmoja kwa majina mawili.

"Mama mmoja, tarehe moja, huyo ni mtoto mmoja. Kompyuta imkatae."

Nikaandika code hivyo. Ikafanya kazi safi.

Siku ya mwisho ya kuandikisha, kwenye kompyuta nimekaa mimi, akaja mama wa Kisesa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ninao wawili, Kulwa na Doto."

Kulwa akaingia. Doto, ting.

Yaani tuko Usukumani, mapacha wana majina yao kabisa, halafu fomu yetu haijui pacha ni nini.

Bosi akasogea. "Mama, Doto tumwandike kesho yake, yaishe."

"Kesho yake nilikuwa nimelala, baba. Sikuzaa mtu. Na kadi za kliniki zinasema siku moja. Wafadhili wakilinganisha si watamfuta?"

Benchi zima la waliosubiri zamu likacheka. Mzee mmoja akamuuliza bosi kama kwao Bukoba mapacha wanazaliwa kwa zamu. Bosi naye akacheka, akaniambia, "Binti, rekebisha."

Nikabadilisha. Tarehe zikifanana, fomu isikatae, iulize: "Ni mapacha?" Ukijibu ndiyo, inapita.

Doto akapita. Mama akafunga kadi zake kwenye kitenge, akaenda zake.

Nilichojifunza: kabla ya kuandika validation, yaani masharti ya fomu kukubali au kukataa, jua kwanza watu wa hapo wanaishije. Na kinachokutia shaka kiulizie kabla hujakikataa. Wataalamu njooni mnikosoe, na wenye visa vya fomu vimwageni hapa.

Ila kuna kitu kilinikaa rohoni. Siku za nyuma bosi ndiye aliyekuwa akiandikisha, na kila fomu ilipokataa aliamini kamkamata mjanja. Waliokataliwa, fomu haikuwahifadhi popote.

Alipotoka kwenda kula, nikachana kipande cha boksi, nikaandika kwa maka pen: WENYE MAPACHA RUDINI LEO, WOTE WAWILI WANAPOKELEWA. Nikakitundika mlangoni, upande wa barabarani.